Fungu Letu kwa Senema ya Jambiani

Chama chetu ni cha watu wenye asili ya Kusini Unguja tunaoishi Dar es Salaam. Kwa miaka mingi kazi yake imekuwa misiba, harusi, na kumshika mkono mtoto anayekwenda chuo. Kisha ikaja barua ya vijana wa Jambiani yenye ombi la namna nyingine: wanaandaa tamasha la filamu la kijiji, na wanataka tuwe miongoni mwa wadhamini. Kikao kilinyamaza kidogo. Mzee mmoja ndiye aliyelitoa lililokuwa vifuani mwa wengi: "Fedha za msiba ndizo tukaonyeshee senema?" Hatukukataa, wala hatukukubali kitu tusichokiona. Mimi na mweka hazina wetu tukatumwa tuvuke, tukatazame wenyewe, na tukiridhika tukabidhi fungu la kwanza.

Tulipanda boti ya asubuhi. Kilikuwa kipupwe, kusi inavuma, na mkondo wa Zanzibar ulikuwa na mawimbi ya kutosha kuwanyamazisha abiria. Mweka hazina alitumia muda huo, kama saa mbili, kuisoma ile barua mstari kwa mstari. Vijana waliomba mafuta ya jenereta, kodi ya projekta na spika, ujira wa fundi mitambo, nauli za watengenezaji filamu watakaoalikwa, chakula cha kikosi, na ada za kuwalipa wenye haki za filamu. Hakukuwa na fulana wala kofia. "Hawa wanajua wanachokitaka," alisema, akaikunja barua na kuirudisha mkobani.

Ilisadifu kwamba wiki ile Mji Mkongwe ulikuwa na Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, lile linalojulikana kwa kifupi ZIFF. Tukaona si vyema kupita bila kujifunza kwa wakubwa. Tamasha hili liliasisiwa mwaka 1997, likafanyika kwa mara ya kwanza 1998, na mwaka 2022 lilitimiza awamu yake ya 25. Tangu mwanzo lilijiita tamasha la nchi za majahazi, kwa maana ya nchi zote zilizofikiwa na pepo za kaskazi na kusi: Afrika Mashariki, Uarabuni, Uajemi, Bara Hindi na visiwa vya bahari hii. Zawadi yake kuu ni Jahazi la Dhahabu.

Usiku tuliingia Ngome Kongwe. Waarabu wa Oman waliijenga mwishoni mwa karne ya 17 baada ya Wareno kung'olewa pwani hii, na siku hizi uwanja wake wa ndani una ngazi za mawe za kukalia watazamaji. Tulikaa hapo chini ya anga tupu pamoja na wageni, wanafunzi, watengenezaji filamu na akina mama wa mjini waliokuja na watoto wao. Kabla ya filamu kuanza, nembo za wadhamini zilipita kwenye pazia moja baada ya nyingine. Watu wengi hupiga soga wakati huo. Sisi tulizitazama kwa makini, maana ndizo zilizotuvusha bahari.

Asubuhi yake tulikaa Forodhani na mama mmoja aliyefanya kazi kwenye matamasha ya mjini kwa miaka mingi. Alitueleza fedha za tamasha hupatikanaje. Kuna fungu la balozi na mifuko ya nje, na hili mara nyingi ndilo kubwa. Kuna makampuni, ambayo hutoa kwa sababu yanataka kuonekana. Kuna wanaotoa vitu badala ya fedha: hoteli hutoa vyumba, wenye boti hutoa tiketi, redio hutoa muda wa matangazo. Mwisho kuna viingilio, ambavyo ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. "Tatizo letu," alisema, "ni kwamba fungu kubwa halina mizizi hapa. Sera ikibadilika huko lilikotoka, sisi huku tunabaki na tarehe bila tamasha."

Hayakuwa maneno ya hofu tu. Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza 2004 na linalofanyika katika ngome hiyohiyo, halikufanyika mwaka 2016 kwa sababu fedha za kuliendesha hazikutimia. Tamasha lenye jina dunia nzima, linalojaza nyumba za wageni mwezi Februari, lilikosa msimu mzima. Lilirudi 2017, nasi tunashukuru. Lakini ikiwa tamasha kubwa kama lile laweza kukwama, tamasha la kijiji lisilojulikana hata upande wa pili wa kisiwa lina kinga gani?

Tukielekea garini tulipita Vuga, penye jengo la Majestic. Lilijengwa miaka ya 1950 mahali pa Royal, jumba la senema lililofunguliwa 1921 na baadaye likaungua. Wazazi wetu walikuja hapa kutoka shamba kutazama filamu za Kihindi na za Kimisri, wakarudi na nyimbo zake midomoni. Majumba yale yaliishi kwa tiketi za watazamaji. Mtu alinunua kiti chake, na kwa kukinunua aliiweka senema hai. Mweka hazina alisimama akalitazama jengo kwa muda mrefu. Mama yake alikuwa akimsimulia habari zake.

Jambiani ni zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini. Vijana walikuja kutuchukua kwa gari la mizigo lililokwisha kupakia spika na jenereta, na katibu wao, binti mwenye umri wa kumaliza chuo, alikaa mbele nasi. Tulipita Tunguu, tukapunguza mwendo Jozani penye alama za kuwalinda kima punju wanaovuka barabara, tukafika Kitogani, kisha tukashika njia ya Paje. Njiani binti yule alitueleza alivyochunguza habari za wenzao. Alizijua za Rwanda, ambako tangu 2005 tamasha la filamu limekuwa likipanda vilimani na pazia la kujazwa upepo. Alizijua pia za Nairobi, ambako mwaka 2011 lilianzishwa tamasha la filamu la mitaa ya Kibera na Mathare. Na alizijua za kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ambako senema za wazi zilianza miaka ya mwanzo ya 2000. "Wote hao, shangazi, hawakungoja ukumbi," aliniambia. "Walipeleka pazia walipo watu."

Nilimwuliza wameichaguaje tarehe. Jibu lake ndilo lililonifanya niwaamini.

Jambiani ni kijiji cha mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanaokifanya zaidi ni wanawake. Kazi hufuata maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hutoka mbali, na wanawake huteremka kwenye mashamba yao mchangani kufunga mbegu kwenye kamba na kuvuna uliokomaa. Jioni wamechoka, mgongo hauna raha. Kuwaonyesha filamu siku hizo ni kuwaonyesha wanaume na watoto peke yao. Basi iwe wakati wa maji mafu. Lakini senema ya wazi nayo inataka kiza: mbalamwezi huipausha picha. Mwezi ukiwa wa siku saba au nane, maji ni mafu, ila mwezi uko juu tangu magharibi. Ukifika ishirini na mbili au ishirini na tatu, maji ni mafu tena na mwezi hauchomozi mpaka karibu na saa sita za usiku. "Kina mama wa mwani ndio waliotupa usiku huo," alisema katibu. "Sisi tulikuwa tumeandika Jumamosi tu."

Hakuna mshauri wa matamasha kutoka mbali ambaye angeijua hesabu hiyo. Ilitoka kwa watu wanaoishi na bahari, na haikugharimu hata senti.

Tulipofika, kazi ilikuwa imekwisha kupamba moto uwanjani. Pazia lilikuwa limeshonwa na fundi anayeshona matanga ya ngalawa. Alijua wapi pa kuweka vitundu vya kamba, wapi pa kuongeza kitambaa ili kusi isilipasue, na wapi pa kuacha upepo upite. Skuli ilitoa mabao ya kukalia. Hoteli moja ndogo ya jirani ilitoa vyumba viwili kwa wageni na kukubali kuzima taa zake za nje filamu zitakapoanza. Kikundi cha kuweka na kukopa cha wanawake wa mwani kilijitolea mchele, na sufuria mbili za pilau zilikuwa tayari mekoni. Sheha alikuwa amesaidia kufuatilia vibali, maana filamu ya kuonyeshwa hadharani Zanzibar hupitia kwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Imamu na vijana walikuwa wamekubaliana kwamba hakuna spika itakayowashwa kabla ya sala ya Isha.

Niliwatazama watu hao nikaelewa kwamba sisi wa Dar hatukuja kuanzisha udhamini. Tuliukuta. Tulichoombwa ni kukamilisha sehemu ambayo kijiji hakiwezi kuitoa mwilini mwake: mafuta, projekta, fundi, nauli na haki za filamu.

Kabla ya magharibi tulikaa barazani na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyetusimulia senema ya gari ya utoto wake. Gari la serikali lilikuja, likafunga kitambaa, likaonyesha mambo ya afya na ya kilimo, likaondoka. "Tulikuwa tukienda wote," alisema, "lakini hakuna aliyetuuliza tunataka kutazama nini."

Maneno yake yalinikumbusha historia ambayo kila mdhamini wa filamu katika eneo letu angefaa kuijua. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, palikuwa na mradi wa Waingereza wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Uliendeshwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham, na fedha zake nyingi zilitoka shirika la Carnegie la New York. Filamu zilihusu minyoo ya safura, kodi, benki ya akiba ya posta, kilimo cha kahawa. Lori lilizibeba filamu hizo kijiji hadi kijiji, Tanganyika, Kenya, Uganda, mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na maelfu walijitokeza kutazama. Waafrika walionekana kwenye picha. Lakini aliyeamua nini kisemwe, na kwa nini, alikuwa mwingine. Hiyo nayo ilikuwa senema ya kijiji yenye mdhamini. Tofauti yake na ya vijana wa Jambiani ni swali la mwalimu: nani huchagua?

Kwa hiyo jioni ile, katika kuandikiana mkataba mfupi na kamati, mweka hazina aliweka mwenyewe sharti ambalo vijana hawakuthubutu kuliomba: mdhamini hachagui filamu, hakati filamu, wala hapandi jukwaani kuhutubia katikati ya maonyesho. Jina la chama litatajwa mara moja mwanzoni, pamoja na majina ya kina mama wa mchele, fundi wa pazia, skuli na hoteli. Katibu alilisoma sharti hilo mara mbili. Kisha akatuambia kwamba kuna mwaka kampuni moja iliahidi kudhamini, ikataka bango lake liwe kubwa kuliko pazia, na fedha haikufika mpaka tamasha lilipokwisha. Mafuta ya mwaka ule yalinunuliwa kwa mkopo wa dukani, na deni lilikaa kwa miezi. Tukaongeza sharti la pili kwa upande wetu: fungu litolewe kabla, si baada. Usiku uleule, mbele ya sheha, tulilikabidhi, na stakabadhi ikaandikwa.

Baada ya Isha watu walimiminika. Watoto walikaa mbele kwenye majamvi, wanawake upande mmoja na kanga zao dhidi ya baridi ya kipupwe, wanaume upande wa pili na nyuma, wazee kwenye mabao ya skuli. Kahawa ilizunguka na kashata. Filamu ya kwanza ilikuwa ya kumbukumbu juu ya mwimbaji Bi Kidude, ile ya mwaka 2006 iliyoongozwa na Andy Jones. Bi Kidude alifariki Aprili 2013, lakini sauti yake ilipotoka kwenye spika zile, wanawake wazima waliiitikia kana kwamba yupo uwanjani. Bibi aliyekaa karibu nami alikuwa akiniambia kabla ya kila jambo, "Ngoja, sasa utamwona," ilhali naye alikuwa akiitazama kwa mara ya kwanza. Alimjua Bi Kidude, hakuhitaji kuijua filamu.

Iliyofuata ilikuwa filamu fupi ya vijana wenyewe, waliyoipiga kwa simu, kuhusu siku moja ya mkulima wa mwani. Hapo uwanja ulibadilika. Watu waliyaona mashamba yao, njia zao, milango yao. Sauti ya mwanamke mmoja wa kijiji ilipoanza kueleza jinsi mwani unavyooza na kukatika maji yanapopata joto, vicheko vya kumtambua vilikoma, kimya kikatanda. Aina ya mwani yenye bei nzuri, ile inayoitwa kotonii, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi kwa sababu bahari imezidi joto. Kila mwanamke pale aliyajua hayo kwa mikono yake. Kuyaona yakisemwa juu ya pazia kubwa, mbele ya waume, watoto, sheha na wageni, lilikuwa jambo jingine kabisa.

Filamu ilipokwisha, jenereta lilipunguzwa sauti, kipaza sauti kikapelekwa kwa wanawake kwanza. Mmoja alisimama akauliza kwa nini mwani wao hununuliwa kwa bei ya chini hivi, ilhali utomvu wake unaingia kwenye dawa ya meno, vipodozi na vyakula vya nchi za mbali. Mwingine alitaka wajifunze kutengeneza sabuni ya mwani kama wafanyavyo wenzao wa Paje. Mwanamume mmoja alisema hajawahi kujua mke wake hukaa majini muda mrefu vile. Kauli hiyo ilipokelewa na vigelegele. Sheha aliahidi kuyapeleka ya bei wilayani. Mimi ni mtu wa vikao, nimehudhuria vingi vya maendeleo, na sikumbuki kingine ambacho wanawake walisema kwa uhuru kiasi kile mbele ya wanaume. Filamu ilikuwa imewatangulia kusema, wao wakaendeleza.

Kijana mmoja aliuliza kuhusu *Vuta N'kuvute*, filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Ilitengenezwa hapahapa Zanzibar, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021, kisha ikaiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha Oscar. Alitaka kujua ni lini kijiji chao kitaitazama pamoja, uwanjani. Katibu alijibu kwamba ni suala la kuomba idhini na kulipa ada, na kwamba wameiweka kwenye orodha ya mwaka ujao. Mweka hazina aliandika kitu katika daftari lake. Nilijua ameandika nini.

Asubuhi, kabla ya kurejea mjini, kamati ilitusomea hesabu barazani, wazi, mbele ya kila aliyetaka kusikiliza. Mafuta yaliyobaki yalipimwa na kurudishwa kwa mwenye duka, na fedha yake ikaandikwa kwa ajili ya mwaka ujao. Mchele uliosalia ulirudi kwa kikundi. Fundi mitambo alilipwa mbele yetu. Bibi yule wa jana alikuja kutuaga, akatushika mikono wote wawili. "Wanangu, msije mwaka mmoja mkapotea," alisema. "Watoto wameshaanza kuandika za mwakani."

Kauli hiyo ndiyo tuliyoipeleka Dar kama ripoti. Kikao kilitusikiliza kwa makini, na yule mzee aliyeuliza kuhusu fedha za msiba ndiye aliyependekeza tuidhamini senema ya Jambiani kwa miaka mitatu mfululizo, kwa fungu dogo tunaloliweza, litolewe mapema kila mwaka, bila kuligusa fungu la misiba. Kikao kikapitisha.

Nawaandikia haya wenzangu wenye vyama vya watu wa kwao, wenye maduka, wenye nyumba za wageni, na walio ughaibuni wanaotuma fedha nyumbani. Katika vijiji na mitaa yetu wapo vijana wenye filamu na hawana mafuta ya jenereta. Msiwangojee wafadhili wa mbali wawafikie. Watafuteni, waulizeni wanapungukiwa nini, toeni hicho kabla ya siku yenyewe, waachieni kuchagua filamu, na mwaka ujao rudini. Tamasha la kijiji hufa pale mdhamini anapotoa mara moja kwa kishindo kisha akasahau. Huishi pale watu wengi wanapotoa kidogo, kila mwaka, na hesabu ikasomwa barazani.